Mistari Mitano ya Kidziweni

“Niliutuma mara kumi na nne,” Mbinya Kaindi alisema. “Mara kumi na nne, afande, na kila mara mashine iliukataa.”

Inspekta Harrison Shutu aliandika: kumi na nne. Ilikuwa Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi. Muuguzi huyu alikuwa amekwisha kulala rumande siku mbili, na sare yake nyeupe ilikuwa bado na damu ya Jumanne kwenye pindo.

“Ujumbe wenyewe ulisema nini?”

“‘Mzazi anavuja damu. Leteni gari sasa.’ Basi. Sikuwa na muda wa kutunga insha.”

“Kwa nini hukumtuma mtu barabarani akasimamishe gari lolote?”

“Barabara ipi, afande? Daraja la upande huu lilichukuliwa na mvua. Gari lililoweza kufika ni lile la ofisi yetu ya Ukunda, kwa njia ya juu. Na kitu cha kuliita ni ile laptopu peke yake. Simu za nyaya zote zimekatika tangu mvua hizi za Elnino zianze, unajua.”

Shutu alijua. Aliandika hayo pia, akafunga daftari.

Kesi yenyewe, ukiitazama juu juu, ilikuwa imekwisha. Kijiji cha Kidziweni kilikuwa na zahanati ndogo ya wafadhili, na wafadhili hao, watu wa kupenda vitu vipya, walikuwa wameweka mezani kwa muuguzi laptopu, kompyuta ya kufunika na kufunua kama kitabu. Ubavuni mwake kulikuwa na kisanduku cha simu ya upepo. Muuguzi anachapa maneno, kisanduku kinayarusha hewani, na Ukunda kompyuta nyingine inayapokea. Jumanne alasiri aliletwa Mishi, binti wa Mzee Boga, uchungu umemshika na damu haikatiki. Saa kumi na moja akafa. Mtoto naye hakulia. Ukunda hawakupokea hata neno moja. Mzee Boga, ambaye ndiye bawabu wa zahanati hiyo hiyo, alizika Jumatano asubuhi, na jioni ile ile akaja kituoni kushtaki kwamba muuguzi alikaa akichezea mashine huku mwanawe anaisha. Alhamisi fundi wa Ukunda akaipima mashine, akaandika kwa mkono wake kwamba ni nzima kabisa.

Mashine nzima, ujumbe haukwenda, basi muuguzi hakutuma. Mkuu wa kituo alikuwa ameshaandika shtaka: uzembe uliosababisha kifo, mahakamani Jumatatu. Na juu ya hayo, Mbinya alikuwa Mkamba wa kule kwenye mashamba waliyogawiwa watu wa bara, na marehemu Mdigo, na mwaka ulikuwa ule ule wa tisini na saba. Zile fujo za Agosti, za kuwafukuza wageni, zilikuwa hazijatimiza hata miezi minne. Kidziweni walikuwa wamekwisha kuhukumu, wala hawakuhitaji Jumatatu.

Shutu mwenyewe hakuhukumu wala hakuhurumia. Tangu Agosti alikuwa ameandika maiti wengi mno kwa kalamu ya serikali, na moyo wake ulikuwa umeota sugu. Hakulia, hakukasirika, na chakula alikila bila kujua ni wali au ni sima. Mkewe huko Samburu, ile ya pwani, alimwambia amegeuka kuwa gogo. Alimjibu kwamba huenda ni kweli. Kitu kimoja tu alichokuwa bado anakiweza ni kuuliza swali na kungoja jibu.

“Afande,” Mbinya alimwita alipofika mlangoni. “Wewe unaniamini?”

“Sijafika huko,” Shutu alisema, akatoka.

Alikwenda Kidziweni na fundi yule yule, Kisilu, ndani ya Landrova ya ofisi ya Ukunda. Kisilu alikuwa kijana wa miaka thelathini, mcheshi, Mkamba naye, mwenye funguo kumi kiunoni na kaseti za kwaya kwenye dashibodi. Njia nzima aliimba. Walipoingia kijijini, kwaya ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, mzee mmoja aliyekaa kwenye mkeka kando ya njia aliinua kiganja, akakishusha polepole.

“Zima redio,” Shutu alisema.

“Kwani?”

“Kuna hanga. Hujui hanga? Watu wana msiba. Siku tatu hakupigwi redio, hakuchezwi kitu.”

“Ah, hawa watu wa pwani na mambo yao,” Kisilu alisema, lakini alizima.

Zahanati ilikuwa jengo la vyumba viwili lenye paa la mabati. Kisilu aliifunua laptopu, akabonyeza hapa na pale, kisanduku kikaguruma, kikapiga mluzi mkali wa kukwaruza masikio, halafu kikanyamaza. Pembeni mwa kioo ilitokea mistari midogo mitano iliyosimama, mfupi hadi mrefu.

“Cheki, Inspekta. Mistari mitano ni mawimbi kamili. Ikiwa mitatu, ujumbe unapita kwa taabu. Ikiwa mmoja, sahau. Hii kitu iko fiti. Niliandika jana.”

“Uliandika, nimesoma,” Shutu alisema. “Sasa niharibie.”

“Nini?”

“Nataka kuona kila njia ya kuyafanya mawimbi yawe dhaifu. Moja baada ya nyingine.”

Kisilu alicheka, akamwona Shutu hacheki, akaanza kazi. Kwanza umeme. Mashine ilikula umeme wa betri ya gari iliyojazwa na kioo cha jua, na mvua za wiki ile zilikuwa zimeficha jua. Shutu alidhani hapo ndipo penyewe. Kisilu alipima betri, akaipunguza nguvu makusudi, na laptopu ikazimika yote, ghafula, kama taa.

“Muuguzi hakusema ilizimika,” Shutu alisema. “Alisema ilikataa. Endelea.”

Waliihamisha laptopu toka dirishani hadi kona ya ndani, karibu na kabati la chuma. Mistari mitano. Wakafunga dirisha. Mitano. Kisilu akalegeza waya unaotoka kwenye kisanduku kwenda juu kwenye eriali. Mistari ikashuka hadi mitatu, ikapanda, ikashuka tena, haitulii. Akauchomoa kabisa. Hakuna hata mmoja.

“Basi huenda aliuchomoa,” Kisilu alisema haraka. “Bila kujua. Na goti, si unaona? Akauchomeka baadaye.”

“Huenda. Mashine hii huweka kumbukumbu?”

“Ya nini?”

“Ya kazi yake. Saa ngapi ilituma, saa ngapi ilishindwa.”

Kisilu alijikuna shingo. “Iko. Lakini hiyo ni mambo ya ndani sana, Inspekta. Hakuna mtu huangalia.”

“Tuangalie.”

Ilimchukua fundi dakika nyingi kuupata ukurasa wenyewe, nyingi kuliko ilivyostahili. Ulikuwa safu za tarakimu tupu: tarehe, saa, idadi ya mistari. Shutu alivuta kiti, akavaa miwani, akanakili kwa mkono. Jumanne, saa mbili na dakika tano asubuhi, taarifa ya kila siku: mistari mitano, umefika. Jumanne, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri: mstari mmoja, umeshindwa. Saa tisa na robo: hakuna. Saa tisa na dakika kumi na tisa: mmoja, umeshindwa. Alizihesabu hadi ya mwisho, saa kumi na dakika hamsini. Zilikuwa kumi na nne.

Muuguzi alikuwa amesema kweli. Shutu alitambua kwamba hilo lingepaswa kumfurahisha, akapiga mstari chini yake. Kisha kidole chake kikashuka kwenye safu mbili za chini zaidi.

“Alhamisi, saa tatu na dakika mbili asubuhi. Mstari mmoja. Nani alikuwa hapa?”

Kisilu alianza kuzichezea funguo zake.

“Alhamisi, saa tatu na dakika ishirini. Mistari mitano. Nani?”

“Ni mimi.”

“Zote mbili?”

“Zote mbili.”

“Ulifanya nini katika dakika kumi na nane hizo?”

Kisilu aliketi kwenye kitanda cha wagonjwa. Ucheshi wote ulimtoka. “Afande, mimi niko na watoto watatu.”

“Sikuuliza una watoto wangapi.”

“Nilitoka nje nikakuta mlingoti umelala. Mlingoti wa eriali, huko nyuma. Umelala juu ya mabati. Nikajua upepo umefungua kamba yangu. Mimi ndiye niliufunga, mwezi wa tisa. Wangesema ni mimi nimeua huyo mama. Nikausimamisha, nikapima, nikaandika ni nzima.”

“Wakati Mbinya yuko ndani.”

“Ilikuwa nzima, afande. Wakati naandika, ilikuwa nzima.”

“Mnafahamiana naye?”

“Tunaimba kwaya moja,” Kisilu alisema, akaanza kulia.

Shutu alimwacha amalize, kwa sababu mtu anayelia hawezi kukuonyesha kitu. Halafu wakazunguka nyuma ya jengo. Mlingoti ulikuwa bomba refu la chuma lenye bawaba chini, ili fundi aweze kuulaza akitaka kuifikia eriali iliyo kileleni. Kamba iliyoushikilia ilifungwa kwenye ndoano ukutani. Juu ya mabati, mahali eriali ilipolala, kulikuwa na mkwaruzo mweupe, mpya.

“Ulipoukuta umelala, ncha ya kamba ilikuwa wapi?”

“Hapo, kwa nguzo ya tangi.”

“Imeangukia hapo?”

Kisilu alifikiri. “Hapana. Ilikuwa imefungwa. Mara mbili, na ncha imepachikwa ndani. Kama vile watu hufunga mbuzi.”

“Upepo haufungi mbuzi, Kisilu.”

Fundi alimkodolea macho, na pole pole akaelewa kwamba siku mbili nzima alikuwa ameficha kosa ambalo hakulifanya.

Kwa hiyo kulikuwa na mtu. Kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri Jumanne, mtu alifungua kamba, akaulaza mlingoti taratibu usivunjike, akaufunga vizuri. Hapo ndipo Shutu alipomtafuta Bi Dama, mfagiaji wa zahanati, mwanamke mnene mwenye ulimi usiopumzika, akamkuta anateka maji.

“Nani hapa alikuwa hamtaki sista Mbinya?”

“Usinitie makubwa, mwanangu,” Bi Dama alisema, akaweka ndoo chini ili aingie humo humo. “Mwero. Mwero wa hapa hapa kijijini. Alisema mbele za watu: huyu wa bara arudi kwao kabla hatujamrudisha. Nilimsikia kwa masikio yangu haya mawili.”

“Siku ya Jumanne, Mwero alikuwa wapi?”

“Jumanne?” Bi Dama alivuta midomo, kama anayesikitika kuiharibu hadithi nzuri. “Jumanne, Mwero alikuwa makaburini toka asubuhi. Si ndiye aliyechimba? Alichimba kaburi la marehemu Mzee Rai, kisha akakaa hangani mpaka magharibi. Kijiji kizima kilimwona.”

“Mzee Rai ni nani?”

“Jirani yetu huyu hapa.” Alionyesha nyumba ya makuti, hatua thelathini kutoka ukuta wa zahanati. “Alifariki Jumatatu usiku, akazikwa Jumanne adhuhuri. Hanga lake halijaisha, Mishi naye akafuata. Mwezi gani huu, ya Rabi!”

Shutu aliitazama nyumba ile. Akautazama mlingoti. Akakumbuka mluzi wa kisanduku, ule wa kukwaruza masikio, na kiganja cha mzee kilichoshuka polepole mbele ya Landrova. Yeye ni Mduruma. Kwao Samburu hanga ni hanga vile vile, na redio huzimwa. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

“Bi Dama, mlingoti ule, fundi asipokuwapo, nani hujua kuulaza?”

“Mwenyewe bawabu. Si ndiye aliyemsaidia fundi kuusimamisha?” Bi Dama aligeuka akautazama mlingoti. “Ala! Kwani mlingoti umefanya nini?”

Mzee Boga alikuwa kwenye mkeka, amezungukwa na wanaume wa mtaa wake. Shutu alivua viatu.

“Shikamoo, mzee. Pole kwa msiba.”

“Marahaba. Tushapoa. Mmemfunga yule mwanamke?”

“Naomba nikusumbue kidogo, tukae kule barazani.”

Mzee alikuja bila kinyongo. Alikuwa mwembamba, kanzu imepauka lakini imefuliwa, na alikaa wima kama shahidi aliyejiandaa. Shutu alifungua daftari.

“Mzee, Jumanne uliulaza ule mlingoti?”

“Niliulaza,” Boga alijibu pale pale. “Baada ya taarifa ya asubuhi. Kuna ubaya?”

“Kwa nini?”

“Kwani wewe si mtoto wa huku? Unaniuliza? Rai amelazwa ndani, wanawake wanalia, na kile kisanduku kila asubuhi kinapiga mbinja. Hatua thelathini! Redio ya jirani huzimwa. Nikaona nikiulaza ule mlingoti, kisanduku kitanyamaza siku tatu, kisha niuinue.”

“Hukumwambia sista?”

“Ni mgeni, na dini yake mbali. Ningemwambia angeona haya kwamba hakujua adabu. Sikutaka kumtia aibu. Nikafanya mwenyewe, kimya kimya.”

“Na ujumbe wa kuita gari?”

“Huo hutoka kwenye kompyuta,” Boga alisema, kwa subira ya mtu anayemweleza asiyejua. “Siku ya kufungua zahanati, mzungu aliinyanyua mbele yetu sote. Akasema, kitu hiki kidogo ndicho kitakachowaitia gari. Kitu hiki. Mlingoti ni wa redio. Kompyuta sikuigusa, naapa. Haina hata waya wa kwenda nje. Ina ule mfupi tu wa kwenye kisanduku.”

Shutu aliandika yote, neno kwa neno. Hakumkatiza wala hakumweleza. Sheria inataka maelezo ya mtu asiyejua kusoma asomewe, kisha atie dole gumba. Angeweza kusema jambo lenyewe kwanza, kwa maneno ya huruma, lakini aliyatafuta maneno hayo akakosa. Kwa hiyo alisoma.

“‘Jina langu ni Boga wa Mwakahaso, bawabu. Siku ya Jumanne, baada ya taarifa ya saa mbili asubuhi, niliulaza mlingoti wa simu ya upepo juu ya paa, nikafunga kamba kwenye nguzo ya tangi, kwa ajili ya heshima ya hanga la jirani yangu.’ Ni kweli?”

“Kweli tupu.”

“‘Saa tisa alasiri nilimleta binti yangu Mishi kwa muuguzi, nikamwambia aite gari.’”

“Kweli.”

“‘Nilimwona muuguzi akichapa kwenye kompyuta, mara nyingi, na kila mara akisema: haiendi.’”

“Kweli. Akisema haiendi, haiendi. Nami nikimwambia, fanya tena.”

“‘Mlingoti wakati huo ulikuwa bado umelala.’”

Shutu alingoja. Kwenye mkeka wa mbali mtu alikuwa akisoma Yasini kwa sauti ya chini. Boga alifungua kinywa kusema ‘kweli’, kama alivyosema mara tatu, na neno halikutoka. Akageuza shingo, akaangalia juu ya paa, akafuata kwa macho waya mweusi ulioteremka kutoka kileleni, ukapita chini ya mabati, ukaingia kwa tundu la ukutani ndani ya chumba cha muuguzi.

“Ule waya,” alisema.

“Ndiyo, mzee.”

“Unakwenda kwenye kisanduku.”

“Ndiyo.”

“Na kisanduku...” Boga aliikalia mikono yake. “Gari lingefika saa ngapi?”

Kwenye daftari hesabu ilikuwapo: dakika hamsini kutoka Ukunda kwa njia ya juu, ujumbe wa kwanza saa tisa na dakika kumi na mbili, kifo saa kumi na moja kamili. Shutu alilifunika daftari kwa kiganja.

“Sijui, mzee. Barabara ilikuwa mbaya.”

Boga alikitazama kile kiganja. Kisha akatoa mkono, akanyoosha dole gumba. Shutu alimpa kidau cha wino. Mzee akagandamiza pale alipoonyeshwa, sawasawa, bila kupaka nje ya mstari.

“Mtoeni yule mtoto wa watu,” alisema. “Nilimwita muuaji mbele ya mama yake mzazi, siku waliyomchukua.”

Nyaya za simu zilikuwa zimekatika, na alasiri ilikuwa inakwisha; hadi wafike kituoni kwa njia ya juu ingekuwa magharibi, na mkuu wa kituo angekuwa amekwenda zake mpaka Jumatatu. Shutu aliingia ndani, akamwambia Kisilu aandike. Ukunda wapeleke mtu kituoni kwa pikipiki, sasa hivi. Mbinya Kaindi atolewe, hana kosa, maelezo yanakuja. Kisilu alichapa kwa vidole viwili, makamasi yakimtiririka, akabonyeza. Kisanduku kilipiga mluzi wake. Kule hangani vichwa viligeuka, lakini hakuna aliyesimama.

Shutu aliposikia pumzi nyuma yake, aligeuka. Boga alikuwa mlangoni, dole lake bado jeusi, macho yako kwenye kioo cha laptopu.

“Umekwenda?”

“Umefika Ukunda, mzee.”

“Umeshafika? Upesi hivyo?”

Pembeni mwa kioo kulikuwa kumeandikwa sekunde nne. Mzee hakujua kusoma. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti, kitu kilimuuma Shutu.

“Siku nyingine huchelewa, mzee,” alisema. “Huchelewa sana. Hata mlingoti ukiwa umesimama.”

Boga alimtazama usoni, hana haraka.

“Wewe ni Mduruma,” alisema mwishowe, bila ukali. “Nyinyi hamjui kuongopa.” Akashuka barazani, akarudi kwenye mkeka wa wafiwa, watu wakasogea kumpisha.